Mwezi Ambao Sikuuona

Kila siku yangu ilianza kwa ndoo. Kabla jua halijapanda juu ya minazi nilikuwa nimeshakwenda kisimani mara mbili, nimefagia uwanja, nimempikia baba uji, na nimegombana na mbuzi mmoja mlafi aliyeutaka uji huo kuliko mwenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na jina langu ni Mwanafatuma binti Suleiman. Majirani walizoea kuniita msichana hodari. Sifa hiyo niliipenda mno, na nadhani hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Kijiji chetu kiko nyuma ya Munje, mwendo wa saa nzima kutoka pwani, ndani ya minazi iliyosongamana hata mbingu waziona vipande vipande. Mbele ya Munje, baharini, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Mkwajuni. Hakikaliwi na mtu. Kuna magofu tu: msikiti wa kale uliojengwa kwa matumbawe, makaburi matatu na kisima. Maji yakipwa, watu huvuka kwenda huko kwa miguu juu ya fungu la mchanga. Yakijaa, pale katikati pana mkondo unaompita mtu mzima kimo, na unavuta kwelikweli.

Baba yangu, Mzee Suleiman Chome, ndiye aliyekuwa mtunzaji wa magofu hayo. Alifyeka majani, aliwatembeza wageni, na zaidi ya yote alijua saa ya kuvuka na saa ya kurudi. Saa ya mkononi hakuwa nayo. Hesabu yake ilikuwa mwezi. Mwezi ukiandama alifunga fundo la kwanza katika kamba ya ukindu, kisha fundo moja kila siku. Maji huchelewa kila siku kuliko jana yake, kwa kiasi cha dakika hamsini hivi. Basi ukijua leo ni mwezi wa ngapi, yaani siku ya ngapi tangu uandame, unajua maji yatatoka saa ngapi na yatarudi saa ngapi. Ukikosea siku moja, umekosea karibu saa nzima. Kijiji kizima kiliitegemea kamba ile. Mtu akitaka tarehe ya mwezi, haulizi msikitini wala dukani, anakuja kwa baba.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa uhuru. Baba alikuwa kitandani wiki ya pili, kwa sababu alikanyaga samaki taa akivuka kutoka kisiwani, na mwiba wa samaki yule uliingia ndani ya unyayo wake. Mguu ulivimba ukawa kama kiazi kikuu. Hakuweza kwenda pwani, hata mlangoni alifika kwa kushikwa bega.

Katika hali hiyo ndipo alipotujia Bwana Fondo. Alikuwa kijana wa afisi moja ya utalii Mombasa, amevaa tai, na mkononi ana saa inayong'aa ambayo aliitazama kila baada ya maneno matatu.

"Shikamoo mzee," alisema. "Meli kubwa ya watalii inakuja kutia nanga Kilindini. Abiria ishirini na wanne wanataka kuyaona magofu yako. Zamani wageni kama hawa waliletwa na Wazungu, na Wazungu ndio waliopanga. Safari hii ni sisi wenyewe. Ikienda vizuri, meli nyingine zitakuja. Ikienda vibaya, unajua watakavyosema."

"Najua," alijibu baba. "Watasema hawa hawajaweza."

"Basi nataka saa, mzee. Wageni hawa huenda kwa saa. Basi, feri ya Likoni, chakula, kila kitu kimeandikwa."

"Mwezi wa Mfunguo Pili haujaandama. Ngoja uandame, nitakuletea barua. Hesabu yangu haijapata kumlowesha mgeni hata pindo la nguo."

Bwana Fondo alicheka, akatazama saa yake, akaenda zake.

Siku ya pili yake ilikuwa ishirini na tisa. Jioni baba aliniita.

"Mwanafatuma, nenda pale uwanja wa shule, penye uwazi, ukautazame mwezi. Tazama vizuri pale jua linapotua. Ukiwa umeandama, niambie. Ukiwa haujaandama, niambie pia."

"Ndiyo, baba."

Sasa, mjue kwamba Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, si mwezi wa kufunga wala wa Idd. Ramadhani watu hupanda hata mapaa kuutafuta mwezi. Mfunguo Pili, nani ana habari? Kwa hiyo pale uwanjani hapakuwa na mtu mzima. Alikuwepo Mejumaa, rafiki yangu, amechimba kishimo chake na kujaza kokoto, anacheza mdako.

"Njoo nikufunge," aliniambia.

"Wewe? Unifunge mimi?"

Basi nikaketi. Mejumaa alikuwa na vidole vyepesi, na mimi sikukubali kushindwa, tukacheza moja, tukacheza mbili, tukacheza mpaka kokoto hazikuonekana. Nilipoinua kichwa, jua lilikuwa limeshazama zamani na magharibi kote kumetanda wingu. Kama mwezi ulikuwepo, ulikuwa umeshatua. Kama haukuwepo, sikujua. Lo! Nilikimbia nyumbani.

Njiani nilikuwa na maneno ya kweli mdomoni. Nitasema, baba, nilicheza nikasahau. Lakini nilipoingia nilimkuta mama amekaa kando ya kitanda, na baba anamwambia, "Huyu mtoto wangu ni macho yangu mwezi huu." Haya, mtu akishakuita macho yake, utamwambiaje kwamba macho yalikuwa kwenye kokoto?

"Umeonekana?" aliuliza baba.

"Umeonekana," nilisema. "Mwembamba, umelala kidogo upande wa kusini."

Tazama uongo ulivyo mtamu wa kupamba! Hata upande niliutaja. Baba alisema alhamdulillahi, akaichukua kamba mpya, akafunga fundo la kwanza. Usiku uleule mwalimu wangu aliitwa kuandika barua. Baba alitaja na mwalimu akaandika: wageni waje mwezi kumi na sita, siku ya Jumatatu. Njia itakuwa wazi tangu saa tatu ya asubuhi mpaka saa saba ya mchana. Wavuke saa nne, na waanze kurudi saa sita na nusu.

Kesho yake jioni nilikwenda mwenyewe uwanjani, bila kutumwa. Mbingu ilikuwa safi. Na hapo nikauona: mwembamba kama uzi, chini kabisa, haukukaa hata robo saa ukazama. Huo ulikuwa mwezi mwandamo. Hata mtoto wa darasa la kwanza angejua kwamba mwezi wa siku mbili hauwi hivyo. Nikakaa chini palepale.

Nilipofika nyumbani mama naye alikuwa ameuona kutoka barabarani. "Mwezi wa jana, leo bado mwembamba hivi?" alisema akipepeta mchele.

"Labda ni wingu," nilijibu haraka.

"Labda," alisema mama. Akaendelea kupepeta.

Tangu siku hiyo raha iliniondoka. Kila asubuhi baba alifunga fundo, na kila fundo nililiona kama linafungwa kooni mwangu. Nilijiambia kwamba nitasema kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Barua ilikuwa imeshakwenda Mombasa, meli iko njiani, baba anaanza kukanyaga chini kwa mkongojo na uso wake umerudi kung'aa. Mara nyingine nilijidanganya: siku moja ni nini? Bahari ni kubwa, itajuaje? Chakula kilinishinda. Mama alinipa maji ya ndimu akidhani nina homa.

Jumatatu ikafika. Shule zilikuwa zimefungwa, na baba alisema nitakwenda naye kumsaidia. Alivaa kanzu yake nyeupe. Tulipandishwa kwenye kigari cha mwenye duka mpaka Munje, na huko tukalikuta basi limesimama chini ya mvinje, na wageni wanashuka na kofia zao na kamera zao. Wengi walikuwa watu wazima wenye mvi. Mmoja, bibi mfupi mnene, alitembea na gongo, na kila hatua alisimama kupumua. Dereva wa basi, mtu wa miraba minne aliyeitwa Kavumbi, alimshika mkono ili asianguke.

"Saa nne kamili!" alisema Bwana Fondo kwa furaha. "Mzee, barua yako ni kama reli."

Baba aliitazama njia. Mchanga ulikuwa umeanikwa mweupe, mkavu, mpaka kisiwani. "Leo yametoka mapema kidogo," alisema polepole. Kisha bibi wa gongo akamwuliza kitu, Bwana Fondo akatafsiri, na baba akasahau alichokuwa akikiwaza.

Hapo ndipo ningesema. Mchanga mkavu, hakuna aliyelowa, basi liko palepale. Ningesema tu. Nilifungua mdomo, na Bwana Fondo akanishika bega akasema, "Na huyu ndiye msaidizi wetu hodari?" Nikaufunga.

Tukavuka. Kavumbi alibaki na basi lake.

Magofu ya Mkwajuni yako upande wa pili wa kisiwa, unaotazama bahari kuu, nyuma ya kichaka kizito. Ukiwa huko huoni njia uliyojia. Baba aliwasimamisha wageni nje ya ukuta uliobomoka.

"Waambie wavue viatu," alimwambia Bwana Fondo. "Dari limeanguka, lakini huu ni msikiti."

Wageni walitazamana, wakacheka kidogo, wakavua. Kazi yangu ikawa kuvilinda viatu: jozi ishirini na nne, vya kamba, vya vifungo, vya kila namna, nimevipanga juu ya ukuta mfupi. Ndani nilimsikia baba akieleza habari za kibla na mafundi waliokichonga, na kamera zinalia chwa, chwa. Baada ya hapo walifungua maboksi ya chakula chao, wakakaa juu ya mawe. Hawakuwa na haraka yoyote.

Mimi nilikuwa nayo. Niliacha viatu, nikapita kichakani mbio mpaka upande wa kivuko. Saa sikuwa nayo, lakini karibu na mkondo kuna mwamba tunaouita Jiwe la Kobe. Maji yakilifikia jiwe hilo, mwenye miguu mizima amebakiwa na muda wa kuvuka kwa utaratibu. Yakilizunguka, avuke mbio.

Jiwe la Kobe lilikuwa limeshaanza kuzungukwa.

Sijui nilisimama kwa muda gani. Niliona povu dogo linaingia upande huu, linarudi, linaingia tena na kusogea mbele zaidi. Nikamwona akilini yule bibi wa gongo, na baba na mguu wake mmoja. Kurudi kusema ni aibu ambayo haitanitoka maisha. Kunyamaza ni watu kufa. Nimeshaeleza kwamba nilipenda sifa, lakini jamani, si kwa kiasi hicho.

Nilikimbia. Miiba ilinichana na sikuisikia.

"Baba!"

"Ngoja, mwanangu, nawaeleza habari za kisima."

"Baba, maji yamerudi. Yamelizunguka Jiwe la Kobe."

Alinigeukia na tabasamu bado liko usoni. "Haiwezekani. Leo ni kumi na sita."

"Si kumi na sita." Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikalazimika kuirudia. "Leo ni kumi na tano. Sikuuona mwezi, baba. Nilisema nimeuona na sikuuona. Nilikuwa nacheza mdako. Niliuona kesho yake."

Tabasamu lilimtoka polepole. Nilingoja kofi, na wallahi ningelipokea kwa mikono miwili. Baba hakuninyooshea mkono. Alifumba macho mara moja kama mtu anayepiga hesabu, akayafumbua.

"Bwana Fondo," alisema, "waambie wainuke. Tunaondoka sasa hivi."

Bwana Fondo aliitazama saa yake. "Mzee, ni saa sita kasoro dakika ishirini na tano. Barua inasema saa sita na nusu. Hawajamaliza hata chai yao."

"Barua ina uongo ndani yake. Saa sita na nusu utavuka kwa kuogelea. Waambie!"

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika rangi kama ule. Bwana Fondo alipiga makofi, akapaza sauti kwa Kiingereza, na wageni wakaanza kuulizana. Kisha kila mmoja akakimbilia viatu vyake. Ikawa vurugu. Huyu amevaa cha kulia cha mwenzake, yule anafunga kamba kwa vidole vinavyotetemeka, mzee mmoja anapiga kelele kwamba kiatu chake kimepotea na kumbe amekikalia.

"Wavishike mkononi!" alisema baba. "Wavuke miguu mitupu!"

Tulipotoka kichakani, mchanga mweupe haukuwa mweupe tena. Mkondo wa katikati ulikuwa umejaa, unapita rangi ya majivu, na Jiwe la Kobe limebaki mgongo tu. Mwanamke mmoja alianza kulia. Ng'ambo tulimwona Kavumbi, mdogo kama kidole, anatupungia mikono yote miwili.

Baba aliniinamia. "Unaijua njia?"

"Naijua."

"Kweli unaijua?"

Nilijua anauliza nini. "Kweli, baba. Huwa napita hapa na mama kuokota chaza. Ni mkono wa kushoto wa jiwe, kisha moja kwa moja mpaka kwenye mikoko."

"Basi tangulia. Wafuate nyuma yako, wameshikana mikono. Usikimbie, wakikuona unakimbia watakimbia na wao. Mimi nakaa nyuma na bibi huyu."

"Na mguu wako?"

"Tangulia, Mwanafatuma."

Nikatangulia. Nyuma yangu alinishika mzee mwenye ndevu nyeupe, na nyuma yake mwingine, na mwingine, kamba ya watu iliyoshikana vidole. Maji yalianza kwenye vifundo vya miguu. Yakafika magotini. Kila hatua niliipapasa kwa kidole gumba kabla ya kuweka uzito, na kwa ndani nilisoma sura ya Kulhuwallah bila kuacha. Katikati ya mkondo yalinifika kiunoni, na kasi yake ikanisukuma pembeni. Mzee wa ndevu alinikaza mkono, akasema neno kwa lugha yake, neno la upole, na nilisikia vibaya zaidi kwa upole wake. Hakujua kwamba mimi ndiye niliyemtia humo.

Maji yakashuka tena magotini, na Kavumbi huyo, ameingia na suruali yake, anawapokea mmoja mmoja na kuwavuta juu. Nilihesabu walivyopita. Ishirini na watatu, na Bwana Fondo na saa yake iliyokuwa imelowa. Nikageuka kutazama nyuma.

Baba na yule bibi walikuwa katikati. Baba ameuegemeza mkongojo wake dhidi ya mkondo, bibi ameshika bega lake, na wote wawili wamesimama. Hawaendi mbele. Maji yalikuwa kifuani mwa bibi.

"Baba!" nilipiga kelele. "Baba, njoo!"

Hakujibu. Mtu aliye na pumzi chache hazitumii kujibu. Niliingia majini tena, Kavumbi akanidaka kwa kanga na kunirudisha. "Kaa hapa!" alifoka. "Wewe ndiye utakayenionyesha. Nipite wapi?"

"Kulia! Kulia zaidi! Hapo, nyooka!"

Alikwenda kwa hatua kubwa kubwa huku nikimwelekeza, na kila neno nililolisema nililipima mara mbili kabla halijatoka. Alipowafikia alimtia bibi mgongoni kama mtoto, na baba akashika mkanda wake nyuma. Polepole, polepole, wakaja. Mara moja baba alizama mpaka shingoni, na mimi sikuona kitu tena, nilifunika uso. Nilipoufunua walikuwa wanapanda mchangani. Damu ilikuwa inatoka mguuni kwa baba. Kidonda kilikuwa kimefumuka.

Bibi wa gongo alikaa chini, akakohoa, akaangalia miguu yake mitupu. Gongo alikuwa nalo. Kwa wageni wote, viatu vilivyochukuliwa na maji vilikuwa jozi saba. Mtu hakuchukuliwa hata mmoja.

Bwana Fondo alikuja na tai imemkaa kisogoni, anatetemeka kwa hasira. "Hesabu ya nani hii? Ningewaambia nini watu hawa? Ningewaambia nini Mombasa? Nani amekosea?"

"Mimi," alisema baba. "Hesabu ya kivuko ni yangu."

"Si yeye," nilisema. Nilikuwa nalia sasa, na kamasi zinanitoka, sikujali. "Ni mimi. Baba alinituma kuutazama mwezi. Sikuutazama, nikasema nimeuona. Na nilijua siku kumi na tano zote hizi."

Bwana Fondo alinisogelea. Alikuwa na la kusema, nililiona limemjaa mdomoni. Halafu aligeuka akawatazama wageni wake waliokuwa wanakamua nguo, akalimeza. "Ungelimeza na wewe nusu saa zaidi," alisema mwishowe, "leo ningekuwa nahesabu maiti." Akaenda kuwapandisha basi.

Tulirudi nyumbani kwa kigari kilekile. Mama alimwosha mguu kwa maji ya chumvi, akaufunga kitambaa. Hapo ndipo baba aliponiita nikae mbele yake.

"Siku ile ungeniambia, baba nilicheza nikasahau, ningekufanya nini?"

"Ungenigombeza."

"Ningekugombeza. Na ningemtuma mamako kesho yake, akautazama, yakaisha. Mtu akisema sijui, wenzake watatafuta ukweli kwa njia nyingine. Akisema nimeona na hakuona, amewazuia wote kutafuta. Wewe ulinifumba macho, mwanangu, kisha ukaniacha niongoze watu."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe tangu pale uliponiita kisimani. Kusema mbele ya watu wote wale si jambo dogo, na ndiko kulikowavusha. Lakini umekosea ukidhani yamekwisha." Aliuchukua mkongojo, akainuka kwa taabu. "Tarehe uliyonipa nimeigawa. Aliyeniuliza, nimempa. Vaa kanga kavu twende."

"Twende wapi?"

"Kwa Bi. Mwanakombo kwanza."

Mama alishika mdomo. Bi. Mwanakombo alikuwa jirani yetu aliyefiwa na mumewe, amekaa eda ndani ya chumba chake miezi minne na siku kumi, hatoki, anahesabu siku. Kesho ilikuwa siku yake ya kutoka. Wanawake wameshamtwangia liwa ya kujipaka na kumpikia vyakula. Na siku hizo alizihesabu kwa kamba ya baba.

Baba alibaki barazani. Mimi niliingia peke yangu mpaka kwenye pazia la chumba. Nilimwambia shikamoo, nikamwambia yote, tangu mdako mpaka mkondo.

"Kwa hiyo kesho si siku yangu," alisema kutoka nyuma ya pazia.

"Si kesho, bibi. Ni kesho kutwa."

"Ningetoka kesho, nikaoga, nikavaa nguo mpya, nikasema nimemtimizia mume wangu haki yake. Na ningekuwa sikumtimizia." Sauti yake ilikatika kidogo. "Miezi minne, Mwanafatuma. Uniharibie kwa kokoto?"

Nililia tu pale pazia liliponigusa uso.

"Nyamaza," alisema baadaye. "Umekuja mapema, sijatoka. Nenda kawaambie na wengine."

Nilitoka nje. Baba alikuwa amekaa juu ya baraza amenyoosha mguu wake uliofungwa, na kitambaa kilikuwa kimeanza kulowa wekundu. Nilimwambia akapumzike, kwamba nyumba zilizobaki nitakwenda peke yangu.

"Zimebaki kumi na moja," alisema. "Utaziingia peke yako, na utasema kwa mdomo wako. Lakini nje nitakaa mimi. Uongo ulikwenda huku na jina langu, basi ukweli nao utakwenda nalo."

Akanishika bega, na tukaelekea nyumba ya pili, yeye akichechemea na mimi nikipunguza hatua zangu zilingane na zake.